Mayai ya Picha

Mazoezi ya kutojipanga yalianza Ijumaa mchana. Muuza vigae aliomba ruhusa dukani, akarudi nyumbani na trei nzima ya mayai, akasimama mbele ya jiko la gesi akijifunza kuwa baba anayempikia binti yake. Mayai kumi na moja yaliharibika. La kumi na mbili lilitulia kwenye kikaango, na dada yake, aliyekuja kumsimamia, akasema, "Sasa tabasamu kidogo unapoligeuza. Usilitazame kama linakudai."

Kesho yake mpiga picha angekuja. Si wale wa kusimamisha watu mstari mmoja mbele ya pazia. Hao, muuza vigae alisema, wamepitwa na wakati. Huyu alikuwa wa picha za familia nyumbani, watu wakiishi maisha yao, hakuna kutazama kamera, hakuna kuambiwa "cheka". Anaingia kwenu asubuhi kama jamaa, anazunguka na kamera yake, anapiga. Matajiri walionunua vigae kwa jumla walikuwa na picha hizo ukutani: baba kalala kwenye zulia, mtoto kampanda mgongoni, mama anacheka kwa nyuma na nywele zimemtimka. Muuza vigae aliziona huko alikokwenda kupima sakafu, akajua amepata dawa ya tatizo lake.

Tatizo lenyewe ni kwamba baada ya wiki mbili afisa ustawi wa jamii angeamua binti yake wa miaka minane aishi na nani. Tangu ndoa ivunjike, miaka mitatu iliyopita, mtoto alikuwa kwa mama yake, dobi wa hotelini ambaye hushinda akipiga pasi mashuka. Kwa baba alikuja Jumamosi moja moja, baba akikumbuka. Sasa baba aliomba apewe moja kwa moja. Na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakumtaka mtoto sana, alitaka asishindwe. Kazini walikuwa wakimtania kwamba kaachwa na mpiga pasi, na pasi ikabaki na mtoto. Mtu aliyekuwa muuzaji bora miaka miwili mfululizo hawezi kumeza utani kama huo.

"Maneno kila mtu anayo," alimwambia dada yake huku akifuta kiini cha yai kwenye shati. "Mimi nitampelekea afisa maisha."

"Na mimi kwenye hayo maisha ni nani?"

"Shangazi. Unaishi hapa, unamlea mtoto."

"Naishi hapa?"

"Kwenye picha."

Shangazi aliridhika. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na kuonekana akifanya wema bila kuufanya ilikuwa nafuu ya pekee. Alikuwa ameshanunua aproni, bado ina mikunjo ya dukani. Chumba kilichokuwa stoo ya sampuli za vigae kilikuwa kimefagiliwa na kuwekwa kitanda cha mtoto, godoro likiwa bado kwenye plastiki chini ya shuka, kwa kuwa mwenye duka alikubali kulipokea likirudishwa safi. Kando ya kitanda palipangwa vitabu sita vya hadithi vya darasa la kwanza. Mtoto alikuwa darasa la tatu. Hilo hakuna aliyelijua mle ndani, na hakuna aliyeuliza.


Mpiga picha aliingia saa tatu asubuhi, kofia kichwani, kamera mbili shingoni, akavua viatu na soksi mlangoni. Alisema yeye hutembea peku ndani ya nyumba za watu ili aisikie nyumba. Nyumba ilikuwa na vigae vya baridi vya kuteleza, na alichosikia ni mafua, lakini alifumba macho kidogo kama mtu anayepokea habari.

"Mimi siamrishi mtu," alitangaza. "Siwapangi, siwaelekezi. Jifanyeni kama sipo. Nikimaliza nachagua arobaini bora, nawatengenezea albamu."

"Na zile nyingine?" muuza vigae akauliza.

"Zipi?"

"Si utapiga mamia? Nataka zote."

"Mzee, zile ni takataka. Mtu kafumba macho, mtu kafungua mdomo. Huwa sizitoi."

"Ndugu yangu, mimi nauza vigae. Mteja akilipia boksi anachukua boksi, hata kama kimo kilichovunjika. Nimelipia saa tatu nzima, nitachukua saa tatu nzima. Nitilie zote kwenye flashi, na saa zake zionekane. Afisa asije akasema nimechagua."

Mpiga picha aliinua mabega. Msanii ni msanii mpaka mteja atakapotaja malipo.

Mtoto aliletwa na mama yake mpaka getini. Mama alikuwa na zamu ya asubuhi, tayari amevaa sare ya hoteli. Alimkabidhi shangazi mkoba wa mtoto, mkoba uliochujuka, zipu yake imeshonewa kwa uzi mweusi.

"Dawa yake iko mfuko wa mbele, wifi," alisema. "Na karatasi ya maelezo nimeifungia humo humo."

"Haya, haya," shangazi akajibu. Alikuwa akivitazama viatu vya mama.

Mama alimwinamia binti yake, akamrekebisha kola. "Uwe na adabu. Fanya utakachoambiwa, asije mtu akasema sikukufundisha." Kisha akakimbilia kazini. Alimaanisha vizuri, kama wanavyomaanisha wazazi wote wanaofundisha watoto kutii kila mtu.

Mkoba haukufika sebuleni. Mpiga picha, ambaye hakuamrisha mtu, alisema rangi yake inaua ukuta. Shangazi akautupa barazani, nyuma ya rafu ya viatu.

Saa ya kwanza ilienda kwenye kusoma. Mtoto aliketishwa kitandani, baba pembeni yake, plastiki ikilia chini yao kila mmoja alipojigeuza. Mtoto alikimaliza kitabu cha bata kabla kamera haijawa tayari.

"Baba, hiki ni cha watoto wadogo."

"Soma tena, mama. Polepole. Usifike mwisho haraka."

Akasoma tena polepole. Alikuwa na akili ya kutosha kuelewa kwamba hapa kazi haikuwa kusoma. Mara tatu alitaka kumweleza baba habari za shule, kwamba amechaguliwa kuwa mshika kengele, na mara tatu baba alisema "Eeh, eeh," macho yake yakitafuta kamera iko wapi ili asiitazame.

Kifungua kinywa kilisubiri mpaka saa tano, kwa sababu jua lilikuwa halijafika dirisha la jikoni. Lilipofika, muuza vigae akapika. Yai lilitulia, alitabasamu alipoligeuza, mazoezi yalilipa. Akaliweka kwenye sahani mpya mbele ya binti yake na kumpa uma.

"Baba, mimi sili mayai."

"Nani kasema?"

"Mama. Na daktari. Navimba."

Muuza vigae alicheka kwa kurusha kichwa nyuma, maana kamera ilikuwa upande wake. "Mama yako anakudekeza. Hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa nachagua chakula. Kidogo tu, ni ya picha."

"Mtoto mwenye adabu hakatai chakula alichopikiwa na baba yake," shangazi akadakia. "Jana kutwa nzima anajifunza kukukaangia. Unataka alie?"

Mtoto alimtazama baba aone kama kweli atalia. Kisha akakumbuka alichoambiwa getini. Akakata kipande, akakitia mdomoni.

"Aa," akasema mpiga picha. "Nimekikosa. Shangazi kivuli chako kimemziba. Mimi siamrishi, lakini angerudia ingekuwa vizuri."

Akarudia. Safari hii baba aliitazama kamera, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikataza tangu Ijumaa. Kipande cha tatu mtoto alikitia mdomoni huku amefumba macho, na shangazi akamtekenya kwa nyuma, mtoto akacheka kwa kushtuka, jua likimwangukia shavuni.

"Hiyo," mpiga picha akanong'ona. "Hayo ndiyo maisha yenyewe."

Haikupita robo saa mtoto akaanza kujikuna shingo. Mdomo wa juu ulijaa upande mmoja, halafu jicho la kulia. Alisema koo linamwasha. Shangazi alimwinua kidevu, akamkagua kama nyanya sokoni.

"Mbu," alisema. Akatoa poda kwenye pochi yake, akampaka.

"Shangazi, dawa iko kwenye mkoba wangu."

"Tunamaliza sasa hivi. Simama hapa na baba."

"Mgeuze kushoto," muuza vigae akasema, na sauti ikamtoka kavu. Alikuwa ameona. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye atasema hakuona. Aliona, akatazama saa ya ukutani, akakuta bado dakika ishirini na tano za kulipiwa. "Upande wa kushoto uko sawa. Huu mwingine usipige."

"Sawa, mzee," mpiga picha akajibu, kama alivyozoea kuwajibu wateja wote, akaendelea kupiga. Kidole chake kilikuwa kimeshazoea. Alipiga mtoto akishikwa mkono na kugeuzwa. Alipiga poda ikipakwa mara ya pili. Mtoto alipokimbilia sinki na kutapika, shangazi akasogea kumshika nywele na kujiweka sawa aproni, na mpiga picha akapiga hilo pia, akasema huo ndio upendo usio na maandalizi.

"Tumpe maji," alisema baba.

"Atalowesha gauni," alisema shangazi.

Mama alifika kumchukua binti yake saa sita na dakika kumi. Hakubisha hodi mara ya pili. Alimwona binti yake kwenye ngazi ya baraza, uso umejaa, pumzi inapiga filimbi, poda imegandia kwenye matapishi kidevuni, na mpiga picha amechuchumaa mbele yake.

"Kala nini?"

"Mbu tu, wifi," shangazi akasema. "Sijui huko kwenu mnalala na neti?"

"Mbu gani wa saa sita mchana? Mkoba uko wapi?"

Hakuna aliyekumbuka. Mtoto ndiye aliyeinua kidole kuelekea rafu ya viatu. Mama akaangusha viatu vya watu wazima barazani, akaufungua mkoba, akapiga magoti, akampa dawa kwenye kifuniko cha chupa huku mkono mmoja ukishika kisogo chake. Hakumtukana mtu. Hakuwa na nafasi. Alimbeba mtoto wa miaka minane mgongoni kama kichanga, akatoka naye kwenda kituo cha afya, na muuza vigae akamfuata mpaka getini, akasimama hapo.

"Ungeniambia kama ni jambo kubwa hivyo," alimwambia mgongoni.

Nyuma yake kamera ililia mara tatu nne, kisha mpiga picha akatazama saa, akasema muda umekwisha, na akaanza kutafuta soksi zake.


Ofisi ya ustawi ilikuwa chumba kimoja chenye mafaili mpaka dirishani. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua na kompyuta ya zamani. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa na kila aina ya mzazi na sasa anangoja tu kudanganywa upesi. Mtoto aliachwa kwenye benchi la korido. Utaratibu ni kwamba yeye huitwa mwisho.

Muuza vigae alikaa na suti. Wiki moja kabla alikuwa ameleta albamu na flashi kwa mkono wake, na barua iliyosema: picha mia sita na kumi na moja, hazijachujwa, kwa uthibitisho wa ukweli. Albamu aliipitia usiku na mchana. Flashi hakuifungua. Zile zilikuwa takataka, mwenye fani alishasema, na alichoamuru kisipigwe hakikupigwa. Yeye alikuwa mtu wa kuamini amri zake.

Afisa alifungua albamu, na ule uso wa kudanganywa ukalainika. Alipita baba na kitabu, baba na binti kwenye zulia, shangazi na aproni. "Picha nzuri kweli," alisema, na alikuwa anasema kwa dhati, maana hata aliyechoka hupenda kitu kinachong'aa. "Nyumba inaonekana ina uhai. Na wewe mama, umeleta picha?"

"Sina, afisa."

"Hata kwenye simu?"

Mama alitoa simu yake yenye ufa. Zilikuwemo picha saba: nne za matangazo ya shule, mbili za risiti, na moja ya mgongo wa mtoto wenye vipele, aliyoipiga ili amwonyeshe daktari. Afisa aliitazama ile ya vipele, akarudisha simu.

"Mimi huwa niko naye," mama alisema. "Mkono unakuwa na kazi."

"Kila mama ana kazi," afisa akasema.

Muuza vigae akashusha pumzi, akakunja nne. Afisa akaifunga albamu na kuilaza mezani, jalada likaelekea juu, na hapo ndipo mama alipoliona. Binti yake alikuwa anacheka kwenye jua, macho kayafumba, uma uko mdomoni.

"Haya ni mayai," alisema.

"Ni kifungua kinywa, mama," afisa akajibu.

"Najua ni kifungua kinywa." Mama alifungua bahasha ya nailoni, akatoa kadi ya kituo cha afya, akaisukuma mezani. "Hiyo ni Jumamosi hiyo hiyo. Angalia saa aliyopokelewa. Alilazwa mpaka Jumapili na hewa ya bomba. Mayai haruhusiwi tangu ana miaka miwili."

Afisa alisoma, akapenga kamasi, akasoma tena. "Baba?"

"Afisa, mtoto alitoka kwangu mzima. Alionja kidogo, akacheka, umemwona. Huko njiani alilishwa nini, mimi sijui. Huyu ananitafutia sababu." Kisha, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma, akaongeza: "Mimi sina cha kuficha. Flashi unayo. Dakika kwa dakika. Fungua."

Afisa hakuwa amepanga kuifungua. Nani ana muda wa picha mia sita? Lakini mwenyewe kasema, tena kwa kidole. Akaichomeka. Kompyuta ikafikiri sana, kisha picha zikatokea, kila moja na saa yake chini, na afisa akaanza kubofya.

Saa tano na dakika mbili, sahani. Mtoto akitikisa kichwa. Baba akicheka peke yake. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipobofya haraka, picha zilisogea kama mtu aliye hai. Saa tano na kumi na tano, mkono shingoni. Saa tano na ishirini mdomo ukainuka, ukaendelea kuinuka, jicho likapungua. Mkono wa shangazi ukaja na poda, ukaondoka, ukarudi. Mkono wa baba ukashika bega, ukageuza. Ukageuza tena. Katika picha moja baba alionekana wazi akimtazama mtoto usoni, halafu, kwenye ile iliyofuata, akitazama ukutani.

"Hapo unatazama nini?" afisa aliuliza.

"Hapo mwanga haukuwa mzuri," alisema muuza vigae.

"Nimeuliza unatazama nini."

Muuza vigae akanyoosha koti la suti. Afisa akaendelea. Sinki. Aproni. Ngazi ya baraza. Zile za mwisho zilikuwa za mwanamke mwenye sare ya hoteli, amepiga magoti katikati ya viatu vilivyotawanyika, kifuniko cha dawa mkononi, mdomo wake mwenyewe umefunguka kama wafunguavyo wanaolisha watoto. Mpiga picha wa watu ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kupata alichokuwa akikitangaza, na hakuiweka kwenye arobaini. Afisa alikaa na picha hiyo kwa muda. Kisha akarudi nyuma hadi saa tano na dakika hamsini, uso wa mtoto ulipokuwa mbaya kuliko yote, akauacha hapo, akamwita mtoto.

Aliingia na sare ya shule, mdomo umerudi sawa. Afisa alikuwa na maswali yake ya siku zote: unalala wapi, nani anakuamsha, ukiumwa unamwambia nani. Hakupata kuuliza hata moja. Mtoto alikuwa ameona uso wake kwenye kompyuta, mkubwa, umepakwa poda, na watu wazima watatu wamekaa kimya mbele yake. Alielewa kama alivyofundishwa kuelewa.

"Samahani, baba," alisema. "Nimekuharibia picha."

Mama alishika ukingo wa meza. Muuza vigae alijisogeza mbele kwenye kiti, akaulainisha uso, na sauti ya Jumamosi ikamrudia yenyewe, nzuri kabisa.

"Si kitu, mama," alimwambia binti yake. "Tutapiga nyingine."

Afisa alisubiri amalize. Kisha akamsogezea mama faili, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.